Maumivu Yasiyo na Jeraha



Wapendwa taifa la Mungu, tafakari yetu ya juma hili tunaielekeza kwa kundi la ndugu zetu ambao tunakaa nao kanisani kila Dominika bila kutambua mzigo waliobeba. Hawana bandeji, na wengi wao hawatembei kwa magongo. Ukiwauliza hali watajibu kwamba hawajambo na wanamshukuru Mungu, kwa kuwa wamekwisha kuchoka kueleza jambo lisiloelezeka kwa urahisi. Hao ni wagonjwa wa baridi yabisi, na hasa wale ambao ugonjwa wao umevuka viungo na kugusa mishipa ya fahamu.

Tumelichagua jambo hili kwa sababu, katika ziara za kuwapelekea wagonjwa Komunyo kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, tumekuwa tukisikia malalamiko yanayofanana nyumba hadi nyumba. Mmoja anasema nyayo zake zinawaka kana kwamba amekanyaga makaa, ilhali ukizigusa ni za baridi. Mwingine anasema vidole vyake vinachomwa sindano usiku kucha. Wa tatu anaeleza ganzi iliyomfanya ashike sufuria ya moto asijue kwamba anaungua, mpaka aliponusa ngozi yake mwenyewe. Na wote, kwa namna moja au nyingine, wametudokeza kwamba nyumbani kwao hawasadikiwi.

Jina lenyewe la baridi yabisi limetupotosha kidogo. Yabisi ni ukavu na ukakamavu, na hapo jina limesema kweli: mgonjwa huamka asubuhi viungo vimekakamaa, na huweza kupita saa nzima au zaidi kabla vidole havijakunjuka. Lakini neno baridi limewafanya wengi waamini kwamba chanzo ni kufua kwa maji ya baridi, kulala sakafuni au kunyeshewa mvua shambani. Baridi yaweza kuwazidishia maumivu baadhi ya wagonjwa, haileti ugonjwa. Katika baridi yabisi tunayoizungumzia, ambayo kitaalamu huitwa rumatoidi athraitisi, kinga ya mwili, ile ile inayotulinda dhidi ya vijidudu, hugeuka na kuushambulia utando laini uliomo ndani ya viungo. Utando huo huvimba, na usipotulizwa hula gegedu na mfupa. Mara nyingi huanza katika viungo vidogo vya mikono na miguu, tena pande zote mbili. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 18 duniani waliishi na ugonjwa huu, na kwamba takriban asilimia 70 yao ni wanawake. Wala si ugonjwa wa wazee peke yao. Unaweza kumpata mama wa miaka 30 mwenye mtoto mgongoni.

Kiungo kinapovimba, maumivu yake yana mantiki. Yanauma pale palipovimba, yanazidi ukikitumia kiungo, na yanapungua uvimbe ukishuka. Maumivu ya mishipa ya fahamu yana tabia nyingine. Mishipa hiyo ni kama nyaya zinazopeleka habari kutoka kwenye ngozi na misuli hadi ubongoni, na kurudisha amri. Waya ukibanwa, ukichubuka au ukikosa damu, habari hufika zimeharibika. Mguso wa shuka unasomeka kama kuungua. Utulivu unasomeka kama sindano. Wakati mwingine habari hazifiki kabisa, na hiyo ndiyo ganzi. Kwa hiyo mgonjwa anaweza kulia kwa maumivu mahali ambapo mume, mkwe na hata mhudumu wa zahanati hawaoni kitu chochote. Hapo ndipo shaka huanza.

Tunamkumbuka mama mmoja, fundi cherehani, ambaye kwa miaka mingi alishona kanzu za watumishi wa altare. Viungo vya vidole vyake vilianza kuvimba, akapewa dawa za maumivu, uvimbe ukapungua kwa kiasi, naye akarudi kwenye cherehani yake. Baada ya miezi kadhaa akaanza kuamka saa nane za usiku, mkono wa kuume ukiwaka. Alikuwa akiukung'uta kama mtu anayekung'uta maji, anauning'iniza nje ya kitanda, kisha analala tena kidogo. Mchana sindano ilimponyoka. Kikombe cha chai kilimponyoka mbele ya wageni. Mama mkwe wake akasema kwamba mwanamke huyu siku hizi ana kisirani na hataki kazi. Majirani wakanong'onezana kwamba huenda ameanza kunywa. Yeye mwenyewe alituambia kwa sauti ya chini, "Baba, mkono huu umekuwa kama si wangu."

Lililompata lina maelezo. Kwenye kifundo cha mkono, upande wa kiganja, pana njia nyembamba iliyozungukwa na mifupa na kufunikwa kwa ukanda mgumu. Ndani yake zinapita kano tisa za kukunja vidole pamoja na mshipa mmoja wa fahamu. Fikirini daladala ya asubuhi iliyokwisha kujaa, kisha kila abiria avae makoti matatu. Ndivyo inavyokuwa utando wa kano unapovimba. Nafasi haiongezeki, na anayebanwa ni yule aliye laini kuliko wote, yaani mshipa wa fahamu. Ndiyo maana moto na ganzi huja kwenye kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete, huku kidole kidogo kikibaki salama. Mama huyu alipofikishwa hatimaye hospitali ya rufaa, daktari alimgongagonga kwenye kifundo, akamwambia akunje vifundo vyake kwa dakika moja, akatambua. Alipewa gango la kuvaa usiku ili kifundo kikae kimenyooka, akaanzishiwa dawa ya kutuliza ugonjwa wenyewe, na baadaye akafanyiwa upasuaji mdogo wa kuipanua ile njia. Usiku wa moto ulikwisha. Nguvu ya kidole gumba haikurudi yote, kwa kuwa mshipa ulikuwa umebanwa kwa zaidi ya miaka miwili, wakati watu wakiijadili tabia yake.

Wapendwa, tunaomba mlitafakari hilo la miaka miwili. Mshipa wa fahamu huvumilia, lakini hauvumilii milele. Kila mwezi ambao mgonjwa anasingiziwa uvivu ni mwezi ambao mshipa unaendelea kufa.

Njia ile ya mkononi si ya pekee. Kwenye kiwiko na kwenye kifundo cha mguu ziko njia nyingine nyembamba zinazoweza kuziba vivyo hivyo. Kwa wagonjwa wachache, hasa wale waliokaa na ugonjwa miaka mingi bila matibabu ya kutosha, mishipa midogo ya damu nayo hushambuliwa, na mshipa wa fahamu uliotegemea damu hiyo hufa kwa njaa. Mtu wa namna hiyo anaweza kulala mzima akaamka unyayo umelegea na vidole vinaburuta chini. Shingoni, pale ambapo pingili mbili za kwanza zinakibeba kichwa, viungo vikilegea pingili huweza kuteleza na kuugandamiza uti wa mgongo wenyewe. Mgonjwa huumwa kisogo, na anapoinamisha kichwa husikia kitu kama umeme kikishuka mgongoni. Tena wakati mwingine chanzo cha moto wa nyayo si rumatoidi. Kisukari, ambacho dawa za steroidi zinaweza kukichochea, upungufu wa vitamini B12, ukoma, virusi vya UKIMWI, pombe, hata baadhi ya dawa zinazotibu ugonjwa huu kama leflunomidi, vyote vinaweza kuleta maumivu ya aina hiyo. Kwa sababu hiyo sisi tusio madaktari tusikimbilie kuutaja ugonjwa wa mwenzetu kwa jina.

Iko pia namna ya tatu. Uvimbe unaweza kutulizwa, vipimo vya damu vikawa vizuri, na bado mgonjwa anaumwa mwili mzima, halali, na mguso mdogo unamtesa. Ni kama mlinzi wa usiku ambaye wezi wamekwisha kwenda zao, naye anaendelea kupuliza filimbi. Filimbi ni ya kweli, na anayeisikia anaisikia kweli. Mwaka 2017 Chama cha Kimataifa cha Utafiti wa Maumivu kiliipa namna hii jina rasmi, na mwaka 2020 kilipoandika upya maana ya maumivu, kiliweka wazi kwamba maelezo ya mtu juu ya maumivu yake yanapaswa kuheshimiwa. Imewachukua wanasayansi muda mrefu kuliandika jambo hilo. Kwetu sisi tunaosoma Injili lisingepaswa kuwa geni.

Tukumbuke yule mama wa sura ya 13 ya Injili ya Luka, aliyekuwa amepindika mgongo kwa miaka 18, asiweze kujiinua hata kidogo. Bwana alikuwa akifundisha katika sinagogi siku ya Sabato. Mama huyo hakuomba kitu. Pengine alikwisha kuzoea kutazama miguu ya watu badala ya nyuso zao. Yesu ndiye aliyemwona, akamwita, akaweka mikono juu yake. Hakumuuliza alikuwa na kosa gani, wala hakumpima kama anaumwa kweli. Aliyenung'unika ni mkuu wa sinagogi, aliyekuwa na hakika kwamba miaka 18 ingeweza kungoja siku moja zaidi. Tunaposoma habari hiyo sote tunapenda kusimama upande wa Yesu. Nyumbani kwetu, hata hivyo, mara nyingi tunasimama upande wa yule mkuu.

Nao wapo walio upande wa rafiki zake Ayubu. Hao walikuja kumfariji, wakakaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, na mpaka hapo walifanya vema. Waliharibu walipofungua vinywa ili kumtafutia kosa. Mitaani kwetu maneno yao yamebadilika sura tu. Nyayo zikiwaka, utasikia kwamba ametegewa kitu njiani akakikanyaga. Mkono ukilegea, utasikia kwamba kuna mtu anamwonea wivu. Basi fedha ya kwenda hospitali inapelekwa kwa anayechanja chale, na mgonjwa anarudi na jeraha jipya katika ngozi isiyosikia, pamoja na chuki dhidi ya shangazi au jirani asiye na hatia. Mishipa inaendelea kufa, na ukoo unapasuka. Tumezika watu ambao kaburini kwao ndugu walisimama pande mbili, hawapeani mikono, kwa sababu ya ugonjwa uliokuwa na jina na dawa.

Kuhusu dawa, yapo mambo matatu ambayo tunayasikia mara kwa mara, na ambayo tumeyauliza kwa waganga wa hospitali ili tuweze kuyaeleza.

La kwanza ni malalamiko ya mgonjwa aliyekwenda na maumivu akarudi na dawa ambayo jirani yake, muuguzi mstaafu, amemwambia ni ya kifafa au ya sonona. Anajisikia ametukanwa: "Wameniona mimi kichaa." Hapana. Dawa za kawaida za maumivu, kama diklofenaki na ibuprofeni, hutuliza uvimbe, lakini mara nyingi haziufikii waya ulioharibika, na zikimezwa ovyo huumiza tumbo na figo. Dawa kama gabapentini, iliyoanza kama dawa ya kifafa, na amitriptilini, iliyoanza kama dawa ya sonona, hupunguza kelele katika mishipa ya fahamu. Amitriptilini kwa kazi hii hutolewa kwa kiasi kidogo, kwa kawaida usiku, nayo huchukua wiki kadhaa kuonyesha faida. Anayeiacha siku ya nne kwa kuwa inamlaza na kumkausha kinywa hajampa daktari wake nafasi ya kumsaidia. Heri arudi amweleze.

La pili ni methotreksati, dawa kuu ya kutuliza ugonjwa wenyewe. Wengi wanaiogopa wakisikia kwamba hutumika pia kwa saratani. Kwa baridi yabisi kiasi chake ni kidogo, na humezwa mara moja kwa juma, siku moja iliyopangwa, kwa kawaida pamoja na vidonge vya foliki asidi vinavyopunguza madhara yake. Kuimeza kila siku kwa kudhani itaponya haraka ni hatari ya kufa. Mama mjamzito au anayetarajia kushika mimba asiitumie kabisa, na pombe iwekwe kando. Andikeni siku hiyo kwenye kalenda ya ukutani. Kama mzee wenu hasomi, mjukuu aliye darasa la tano anaweza kuwa mlinzi mzuri wa siku hiyo.

La tatu linatuhusu zaidi sisi Wakatoliki. Wapo wanaoacha dawa ifikapo Jumatano ya Majivu, au asubuhi ya Dominika, ili wasivunje mfungo. Sheria ya Kanisa iko wazi: maji na dawa havivunji mfungo wa Ekaristi, na mgonjwa pamoja na anayemuuguza wanaweza kupokea Komunyo hata kama wamekula ndani ya saa ile moja. Mfungo wa Kwaresima nao haumfungi mgonjwa. Tena anayetumia prednisoloni kwa muda mrefu akiiacha ghafla anaweza kuanguka na kupoteza maisha, kwa kuwa mwili wake umekwisha kuacha kutengeneza homoni ambayo dawa hiyo inashika nafasi yake. Mungu haombi sadaka ya namna hiyo.

Habari ya dawa hizo za steroidi ina fundisho lake. Katika mji wa Rochester, jimbo la Minnesota nchini Marekani, masista Wafransisko walifungua hospitali ya St Marys mwaka 1889, baada ya kimbunga cha mwaka 1883 kuuharibu mji. Ni katika hospitali hiyo, mnamo Septemba 1948, ambapo daktari Philip Hench na wenzake walimpa kotisoni kwa mara ya kwanza mwanamke wa miaka 29 ambaye baridi yabisi ilikuwa imemlaza. Baada ya siku chache alikuwa akitembea. Mwaka 1950 Hench, pamoja na Edward Kendall na Tadeus Reichstein, alipewa Tuzo ya Nobel, na sehemu ya fedha yake alimpatia Sista Pantaleon, aliyesimamia wodi ya wagonjwa hao, ambaye kwa fedha hiyo aliweza kusafiri hadi Roma. Furaha hiyo ilifuatwa na masikitiko: dawa ikitolewa kwa wingi na kwa muda mrefu ilivimbisha nyuso, ikadhoofisha mifupa, ikapandisha sukari. Madaktari wakajifunza kuitumia kwa kipimo. Neema ya uponyaji inapopita katika mikono ya wanadamu huhitaji busara, na huhitaji pia mtu kama yule sista, aliyekuwa akiwageuza wagonjwa vitandani kabla dunia haijasikia habari ya kotisoni.

Hapa Afrika nasi tunaye shahidi anayejulikana. Christiaan Barnard, daktari wa Afrika Kusini aliyeupandikiza moyo wa mtu kwa mara ya kwanza tarehe 3 Desemba 1967 katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, alikuwa tayari na baridi yabisi. Iligunduliwa miaka ya 1950 alipokuwa masomoni Marekani. Mikono iliyofanya kazi ile ilikuwa mikono yenye maumivu. Mwaka 1983 aliacha upasuaji kwa sababu mikono ilikuwa imeshindwa. Anayesema kwamba ugonjwa huu ni wa wavivu na amtazame huyo.

Sasa tuje kwenye swali gumu, ambalo mgonjwa mmoja alituuliza waziwazi: "Baba, kama mateso yanaokoa, mbona nitafute dawa?" Ni swali la mtu mwenye imani, na halistahili jibu la haraka. Kanisa linafundisha kweli kwamba mateso yaliyounganishwa na Msalaba wa Kristo hayapotei bure. Papa Yohane Paulo II aliandika barua nzima juu ya jambo hilo, Salvifici Doloris, tarehe 11 Februari 1984, miaka mitatu hivi baada ya yeye mwenyewe kupigwa risasi. Lakini barua hiyo inampa Msamaria Mwema sura nzima. Yaani Kristo anatufundisha mambo mawili kwa pamoja, kufanya mema kwa mateso yetu na kumtendea mema anayeteseka, na hatuwezi kulichukua la kwanza tukaliacha la pili. Kabla yake Papa Pio XII, akizungumza na madaktari wa usingizi tarehe 24 Februari 1957, alieleza kwamba ni halali kutumia dawa kuondoa maumivu, hata zile kali, panapokuwa na sababu ya haki na pasipozuiwa wajibu wa mtu mbele ya Mungu. Na Yoshua bin Sira, katika sura yake ya 38, anatuagiza tumheshimu tabibu na kueleza kwamba Bwana ndiye aliyeziumba dawa kutoka ardhini.

Mtume Paulo alikuwa na mwiba wake mwilini. Hatuelezwi ulikuwa nini, ila tunajua kwamba aliomba mara tatu uondolewe. Hakuona aibu kuomba. Alipoambiwa kwamba neema inamtosha, alikuwa amekwisha kuomba. Nasi tunasema vivyo hivyo kwa wagonjwa wetu. Ombeni, nendeni hospitali, mezeni dawa, fanyeni mazoezi mliyofundishwa. Maumivu yatakayobaki baada ya yote hayo, maana kwa wengi hubaki, ndiyo mkayaweke juu ya altare. Sisi wazima tusimwambie mtu amtolee Mungu maumivu ambayo tungeweza kuyapunguza kwa nauli ya basi.

Tukiwa parokia, yapo mambo madogo yaliyo ndani ya uwezo wetu. Wakati wa kutakiana amani, wengi wetu tunashika mkono wa jirani na kuubana kwa bidii, tukidhani huo ndio upendo. Kwa mgonjwa wa rumatoidi hilo ni kama kufungiwa mkono mlangoni, na tumewaona baadhi yao wakificha mikono ndani ya kanga ili wasisalimiwe. Kuinamisha kichwa kwa tabasamu ni amani ile ile. Asiyepiga magoti wakati wa mageuzo asitazamwe kwa jicho baya. Akae au asimame, Bwana anamfahamu. Jumuiya ndogondogo zinapomtembelea mgonjwa zisiishie kusali rozari na kuacha sukari. Zimuulize ni kazi gani hawezi tena: kuchota maji, kukamua nguo, kufunga vifungo vya mtoto, kuinua sufuria jikoni. Kisha zigawane kazi hizo kwa zamu. Na waume tunawasihi kipekee: mke anayeamka usiku akiukung'uta mkono wake hafanyi mchezo. Taa iwashwe, aulizwe, na asubuhi apangiwe safari ya hospitali.

Zipo dalili ambazo hazipaswi kungoja hata mkutano wa ukoo. Unyayo au kiganja kulegea ghafla. Maumivu ya shingo yanayoambatana na umeme mgongoni, udhaifu wa mikono na miguu, au kushindwa kuzuia haja. Kidonda katika mguu usiosikia. Mkiona moja kati ya hayo, mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, naye aende na karatasi iliyoandikwa dawa zote anazotumia, pamoja na zile za chupa alizonunua sokoni. Zile za chupa zisifichwe kwa aibu, maana baadhi ya mchanganyiko wa namna hiyo hukutwa umetiwa steroidi kwa siri.

Mwisho, tunawakumbusha juu ya Mpako wa Wagonjwa. Bado wako wanaomficha mgonjwa padre asije akamwogopesha, wakidhani mafuta hayo ni ya kufungashia safari. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikwisha kutufundisha kwamba sakramenti hii si ya wale tu walio katika dakika ya mwisho. Mgonjwa ambaye hali yake imezidi kuwa nzito anaweza kuipokea, na kuipokea tena ikizidi. Padre hupaka mafuta kwenye paji la uso na kwenye mikono. Mara nyingi tumeshika mikono iliyopinda vidole, tukaifungua polepole, kwa kadiri mwenyewe anavyoweza kuvumilia. Wapo wanaolia wakati huo, na mmoja alitueleza sababu: ilikuwa imepita miaka tangu mtu aushike mkono wake bila kuuvuta.

Tuwaombee ndugu zetu hao juma hili, kila mmoja kwa jina lake, na kabla ya Dominika ijayo tumtembelee angalau mmoja. Tukifika tumuulize anaumwa wapi na namna gani, kisha tumsikilize mpaka amalize.

Bikira Maria, Afya ya Wagonjwa, awaombee. Na Mungu Mwenyezi awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.